VMware, Proxmox, Hyper-V au XCP-ng: ipi uiweke kwenye seva yako Lubumbashi?

Seva nyingi zinazofungwa maofisini Lubumbashi hazitoki kiwandani moja kwa moja. Zimekwisha kufanya kazi miaka kadhaa Ulaya, Dubai au Afrika Kusini, wenyewe wakanunua mpya, nazo zikauzwa kwa bei nafuu na kuingia nchini kwa njia ya mpaka wa Kasumbalesa pamoja na mizigo mingine. Ni mashine za maana. Dell PowerEdge R730 au HPE ProLiant DL380 Gen9 yenye prosesa mbili na RAM ya GB 128 inatosha kubeba ofisi nzima: programu ya uhasibu, seva ya faili, kamera za ulinzi, tovuti ya ndani, na bado nafasi ikabaki. Kuiwekea Windows moja tu na kuishia hapo ni kuitupa nguvu yake yote. Ndiyo maana kila anayenunua seva ya namna hii anauliza swali lile lile: nitumie programu gani ya mashine pepe, yaani ya kuigawa seva moja iwe kompyuta kadhaa ndani yake?

Majibu mengi yanayopatikana yameandikwa kwa watu wenye seva mpya, umeme usiokatika na mkataba wa huduma unaolipiwa kila mwaka. Mimi nazilinganisha nne zinazotajwa zaidi kwa kipimo cha hapa kwetu: SNEL, shirika la umeme, ikikata saa nane za usiku, umeme ukarudi alfajiri, na fundi ni wewe peke yako, ipi itarudi kazini bila kusubiri ruhusa, ufunguo wa leseni au kipuri kutoka kwa mtu wa mbali? Uzuri wa skrini, wingi wa vitufe na sifa za matangazo nimeviweka nyuma ya swali hilo.

Tazama chuma kwanza

Kabla ya kupakua kitu chochote, soma prosesa ni ya kizazi gani. R720 na DL380 Gen8 zina Xeon E5-2600 ya kwanza au ya v2. R730 na Gen9 zina v3 au v4. R740 na Gen10 ndizo zilizoingia kwenye Xeon Scalable, kuanzia 2017. Herufi hizo ndogo mbili, v3 au v4, zinaamua mengi.

VMware imekuwa ikikata vizazi vya zamani toleo baada ya toleo. Programu yake inayosakinishwa kwenye seva inaitwa ESXi. ESXi 7 iliondoa kabisa draiva za mtindo wa zamani, kadi nyingi za mtandao na za diski zikakosa kutambuliwa. ESXi 8 ikaiacha E5-2600 ya kwanza. Toleo la 9, lililotoka 2025, limeiacha hata v4. Maana yake, ukinunua R730 leo, mwisho wako kwa VMware ni ESXi 8, na huduma ya kawaida ya toleo hilo inaisha Oktoba 2027. Ipo njia ya kuilazimisha programu ya usakinishaji ikubali prosesa ya zamani, na watu wanaitumia kwenye maabara ya nyumbani. Kwa seva inayoshika mishahara ya watu singeikubali.

Proxmox VE imejengwa juu ya Debian na kerneli ya Linux, ambayo hubeba draiva za mashine za zamani kwa miaka mingi. Toleo la 9, la Agosti 2025, linapanda kwenye R730 bila ubishi, na hata R720 inalipokea. XCP-ng 8.3 nayo ni rafiki wa mashine za zamani, kwani kerneli ya sehemu yake ya usimamizi ni ya zamani, 4.19; kwa sababu hiyo hiyo, inaweza kusumbua kwenye vifaa vipya sana. Hyper-V ya Windows Server 2025 inadai prosesa yenye maagizo ya SSE4.2 na POPCNT, na zote nilizozitaja zinayo.

Baada ya prosesa, fungua kifuniko uangalie kadi ya RAID, ile inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Nyingi zina betri ndogo inayolinda data iliyo njiani kuelekea diskini wakati umeme unakatika. Kwenye seva iliyotumika, betri hiyo mara nyingi imekufa. Kadi ikiona hivyo, inaacha kutumia kumbukumbu yake ya haraka na kuandika moja kwa moja diskini, na seva nzima inakuwa nzito. Mteja atalaumu Proxmox au VMware, kumbe tatizo ni betri. Ingia kwenye iDRAC (ya Dell) au iLO (ya HP), sehemu ya kuisimamia seva ukiwa mbali, usome hali yake kabla hujatoa dola.

Nataja jambo jingine kuhusu chuma kwa sababu wauzaji hawalisemi. Dell wanaacha masasisho ya BIOS ya PowerEdge wazi kwa mtu yeyote. HP, tangu 2014, wanadai dhamana au mkataba hai kwa BIOS ya ProLiant nyingi. Kama bei zinakaribiana na huna mkataba, chukua Dell. Hakikisha pia iDRAC ina leseni ya Enterprise, au iLO ina Advanced, maana bila hiyo huwezi kuona skrini ya seva ukiwa nyumbani, utalazimika kuvuka mji usiku.

Pesa na makaratasi

Kwa miaka mingi VMware ndiyo iliyokuwa jibu la kila mtu. ESX ilitoka 2001, na fundi aliyejifunza kazi hii kwenye kampuni ya mgodi alijifunza kwa VMware. Novemba 2023 Broadcom ikakamilisha kuinunua, na mambo yakageuka haraka. Desemba mwaka huo leseni ya kununua mara moja ikaondolewa sokoni, ukabaki usajili wa kulipia muda. Februari 2024 ESXi ya bure ikafutwa. Aprili 2025 ikarudishwa, toleo la 8.0 U3e, lakini ya bure haiungani na vCenter, programu ya VMware ya kusimamia seva nyingi pamoja, na programu za nakala rudufu kama Veeam haziwezi kuifikia kwa njia yao ya kawaida.

Usajili unahesabiwa kwa viini vya prosesa, na kila prosesa inahesabiwa si chini ya viini 16. Seva yenye prosesa mbili za viini 8, ambazo ni nyingi sana kwenye soko letu la mitumba, italipiwa viini 32 hata kama ina 16 tu. Unalipia chuma ambacho hunacho. Na masasisho sasa yanapakuliwa kwa tokeni ya mteja mwenye mkataba hai. Mkataba ukiisha, mlango unafungwa. Aliyenunua leseni ya kudumu zamani bado anaweza kuendesha toleo lake, ila kila mwezi anabaki nyuma zaidi kwenye usalama.

Proxmox inatoka Vienna, Austria, na ipo tangu 2008. Msimbo wake uko wazi, na hakuna kazi iliyofungiwa nyuma ya malipo: klasta (seva kadhaa zinazosimamiwa kama kundi moja), kuhamisha mashine ikiwa inaendelea kufanya kazi, nakala, vyote vimo. Unacholipia ni hazina ya masasisho yaliyojaribiwa zaidi, na msaada wa mafundi wao katika ngazi za juu. Ngazi ya chini kabisa ni zaidi kidogo ya euro 100 kwa soketi, yaani kwa kila prosesa, kwa mwaka, bila kujali viini vingapi. Usipolipa, utaona ujumbe mdogo kila unapoingia, na utatumia hazina ya wasiolipa. Kampuni inayoingiza pesa kwa seva hiyo ilipe. Ni kiasi ambacho depo yoyote inaweza kukimudu, na kinaweka chombo hiki hai.

XCP-ng ilizaliwa 2018 kutokana na XenServer ya Citrix, baada ya Citrix kubana toleo lake la bure. Nyuma yake iko Vates, kampuni ya Grenoble, Ufaransa. Hili si dogo kwetu: ukilipia msaada, unaandika kwa Kifaransa na unajibiwa kwa Kifaransa, lugha ya makaratasi ya ofisi zetu. Skrini ya kuisimamia, Xen Orchestra, inaweza kujengwa bure kutoka kwenye msimbo wake kama una uvumilivu.

Hyper-V watu wanaiita ya bure kwa kuwa inakuja ndani ya Windows Server. Toleo la bure kweli, Hyper-V Server, liliishia la 2019, nalo litahudumiwa hadi Januari 2029. Kinachobaki ni Windows Server yenyewe, na hapa wengi wanahesabu vibaya. Leseni ya Standard inafunika viini vyote vya seva, si chini ya 16, na inakupa haki ya mashine pepe mbili tu za Windows. Ukitaka nne, unanunua leseni ya viini vyote mara ya pili. Na sheria hiyo inakufuata popote: ukiweka Windows Server mbili juu ya Proxmox, bado unahitaji leseni ile ile ya viini vyote. Kwa hiyo kama ofisi yako tayari imelipia Windows kihalali, Hyper-V haiongezi gharama. Kama hukulipia, Proxmox haikuondolei deni la Windows. Weka seva ya faili na tovuti ya ndani kwenye Linux, ubakize Windows kwa programu isiyokubali kitu kingine, na hesabu itashuka yenyewe.

Umeme ukikata, na umeme ukirudi

Hapa ndipo tofauti zinapoonekana, na ndipo ninapokaa zaidi na wateja.

Lubumbashi tuna adha mbili. Kuna ukataji wa kawaida, na kuna ngurumo za masika, kuanzia Novemba hadi Machi, ambapo umeme unakata, unarudi sekunde kumi, unakata tena. Jenereta ina pengo lake kabla ya kushika. Katikati ya hayo yote kuna onduleri (UPS), kile kifaa cha betri kinachoshikilia seva umeme ukikata, na onduleri haina faida kubwa kama haizungumzi na seva. Betri yake ikiisha bila seva kuambiwa, ni sawa na kuchomoa waya.

Proxmox ni Debian, kwa hiyo unaingiza kebo ya USB ya onduleri moja kwa moja kwenye seva, unasakinisha NUT, programu inayoisikiliza onduleri, unaandika mistari michache, na kazi imekwisha: betri ikifika kiwango ulichoweka, mashine pepe zinazimwa kwa utaratibu, kisha seva yenyewe. Onduleri za kawaida zinazouzwa mjini, zile zenye tundu la USB, nyingi zinatambuliwa. XCP-ng inaweza kufanya vivyo hivyo, kwa kazi ya ziada kidogo. Windows huiona onduleri ya USB kama betri ya kompyuta ya mkononi, ukaipangia cha kufanya. Ni rahisi, ila angalia mpangilio wa kila mashine pepe wakati seva inayoibeba inapozimwa, kwani chaguo la kawaida ni kuhifadhi hali yake badala ya kuizima, na uhifadhi huo unachukua muda ambao betri huenda haina. ESXi haisomi onduleri ya USB kwa asili yake. Inataka kadi ya mtandao ndani ya onduleri, kadi ambayo wakati mwingine bei yake inakaribia ya onduleri yenyewe. Kwa ofisi ndogo, hilo peke yake linaweza kumaliza mjadala.

Kuzima vizuri ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kurudi. Kwenye Dell, ingia BIOS, sehemu ya usalama wa mfumo, utafute mpangilio unaosema seva ifanye nini umeme unaporudi. Wengi wanaweka iwake papo hapo. Usifanye hivyo. Ipe ucheleweshaji wa sekunde 120 au zaidi, ili ule umeme unaorudi na kukata tena wakati wa mvua usiikute seva katikati ya kuwaka. Kisha ndani ya programu panga foleni: kidhibiti cha Active Directory (mfumo wa Windows wa akaunti za watumiaji) kwanza, baada ya dakika chache hifadhidata, mwisho programu ya uhasibu. Proxmox ina namba ya foleni na muda wa kusubiri kwenye kila mashine pepe. Hyper-V ina ucheleweshaji kwa kila mashine. ESXi ina orodha yake, lakini inazimika pale seva inapoingizwa kwenye klasta yenye ulinzi wa HA (seva moja ikifa, mashine zake pepe huwashwa kwenye nyingine), na fundi asiyejua hilo hushangaa asubuhi.

Na badilisha betri ya saa, ile ya duara ya CR2032, siku hiyo hiyo unayofungua seva ya mtumba. Ikiwa imekufa, seva inaweza kuwaka ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma. Active Directory hukataa kompyuta ambayo saa yake imepishana zaidi ya dakika tano, vyeti vya usalama vinakataliwa, na ofisi nzima inashindwa kuingia huku kila taa ni ya kijani. Betri hiyo inauzwa kwa wauza saa.

Diski na nakala

Proxmox inakuja na ZFS, mfumo wa kupanga data diskini, tayari, na kwa mji wenye umeme kama wetu naipenda sana. ZFS haiandiki juu ya data ya zamani. Inaandika pembeni, kisha inageuza kielekezi. Umeme ukikata katikati, unabaki na hali ya mwisho iliyo kamili. Pia inapima kila kipande cha data kinaposomwa, kwa hiyo diski inayoanza kudanganya inajulikana mapema. Masharti yake ni kwamba inataka kuziona diski zenyewe, bila kadi ya RAID kusimama katikati. PERC H730, kadi ya R730, ina hali ya HBA inayoziacha diski zionekane zenyewe, unabadilisha kwa dakika chache. P440ar ya Gen9 nayo inayo. H710 ya R720 haina, inabidi kuandika upya programu ya ndani ya kadi, na mwenye seva moja tu asijaribu hilo kwenye mashine inayofanya kazi. Kama kadi yako haiwezi, acha ZFS, tumia RAID ya kadi na LVM, njia ya Linux ya kugawa diski, juu yake.

ZFS pia inakula RAM na inachakaza SSD za bei rahisi. Nunua SSD za seva, zenye ulinzi wa umeme kukatika, hata zilizotumika, kuliko mpya za kompyuta ya nyumbani.

XCP-ng ina kikomo kimoja kilichowakwaza watu wa kamera za ulinzi: diski pepe ya mtindo wake wa kawaida, VHD, haizidi TiB 2. VMware ina VMFS, mfumo wa faili uliokomaa na usio na makeke, na sina neno baya juu yake. Ila ESXi kuanzia toleo la 7 huandika sana kwenye diski inayowakia; zile kadi za SD na flashi za USB tulizozoea kuwakia zinakufa mapema. Ipe SSD ndogo.

Kwa nakala, Proxmox Backup Server ndiyo sababu yangu kubwa ya pili ya kuichagua Proxmox. Inapeleka vipande vilivyobadilika tu, na haihifadhi kipande kile kile mara mbili hata kikitoka kwenye mashine tofauti. Ukiwa na ofisi Kampemba na nyingine Kolwezi, zenye intaneti nyembamba, nakala ya usiku inaweza kuvuka kabla ya watu kuingia kazini. Ya kwanza unaibeba kwenye diski kwa gari. Xen Orchestra ina nakala za namna hiyo pia, nzuri. Veeam inahudumia VMware na Hyper-V kwa muda mrefu, na tangu Agosti 2024 inahudumia Proxmox. Toleo lake la bure linatosha mashine 10. Kwa Hyper-V, hiyo ndiyo ningeitumia.

Ukiwa na seva mbili

Mteja akisikia neno klasta anataka seva mbili zinazobebana. Lazima umweleze hesabu ya kura. Proxmox inafanya kazi kwa wengi wape: klasta ya seva mbili ina kura mbili, moja ikifa, nyingine ina nusu, na nusu si wingi. Pata picha mwenyewe: umeme umerudi, seva moja imegoma kwa sababu usambazaji wake wa umeme umeungua kwa radi, na ya pili, nzima kabisa, imewaka na kukaa inasubiri, haiwashi mashine pepe hata moja. Fundi anayejua ataandika `pvecm expected 1` na kazi itaendelea. Fundi asiyejua atasakinisha upya. Dawa ni kura ya tatu: kompyuta ndogo yoyote yenye Debian, hata Raspberry Pi, iliyowekewa QDevice, programu ndogo ya kupiga kura tu, kwenye onduleri yake.

XCP-ng ina kiongozi wa kundi. Kiongozi asipowaka, wenzake wanaingia hali ya dharura mpaka umpandishe mmoja kwa amri. Hyper-V inataka shahidi, yaani folda ya mtandao au diski ya tatu, na inakutaka ukumbuke nywila ya msimamizi wa mashine yenyewe, kwa maana Active Directory ikiwa ndani ya seva ile ile iliyozima, akaunti ya dominio huenda isikufae. VMware kwa upande huu bado ni bingwa, HA yake imekomaa kuliko zote, lakini inadai vCenter, ambayo katika toleo la 8 kwa ukubwa wake mdogo kabisa inakula RAM ya GB 14, na diski za pamoja. Kwa ofisi nyingi za hapa mimi nashauri seva mbili zisizo klasta: moja inafanya kazi, nyingine inapokea nakala kila saa na iko tayari kuwashwa kwa mkono. Vitu vichache vya kuharibika.

Suala la ufunguo wa USB nalo lisisahaulike. Programu kadhaa za uhasibu na za vipimo vya migodi bado zinalindwa na ufunguo unaochomekwa kwenye USB. Proxmox, ESXi na XCP-ng zinaweza kuupitisha ufunguo huo ndani ya mashine pepe. Hyper-V haiwezi, utanunua kifaa cha kusambaza USB kwa mtandao. Ukiwa na programu ya namna hii, uliza hili kabla ya jingine lolote.

Nani achukue ipi

Mwenye R720, R730, Gen8 au Gen9, fundi mmoja, na bajeti ya kawaida: Proxmox. Sioni sababu ya kusitasita. Atahitaji kujifunza Linux kidogo, na elimu hiyo haipotei.

Ofisi ya Windows tupu, iliyolipia leseni, na fundi asiyegusa Linux: Hyper-V, mradi hakuna ufunguo wa USB. Fundi anayeielewa mashine yake saa nane za usiku ana thamani kuliko programu bora asiyoielewa.

Chuo, hospitali au shirika lenye seva tatu na zaidi, linalotaka mkataba wa msaada kwa Kifaransa: XCP-ng inastahili kujaribiwa kwa haki, pamoja na Proxmox, kwenye seva moja ya pembeni.

VMware ninaipendekeza sehemu moja tu: kampuni yenye seva mpya, pesa za usajili wa kila mwaka, na msambazaji wa programu ambaye mkataba wake unaitaka kwa jina. Kwenye huduma za migodi hali hiyo ipo. Nje ya hapo, kumfunga mwenye depo kwa usajili unaohesabu viini ambavyo hana, juu ya seva ambayo toleo jipya limekwisha kuikataa, ni kumbebesha mzigo wa bure, na sitaki kuwa mtu anayemshauri hivyo.

Kama uko kwenye ESXi sasa na unataka kuhama, fanya hivi. Ndani ya kila Windows, ikiwa bado iko VMware, sakinisha draiva za VirtIO, zile za diski na mtandao ndani ya Proxmox, kisha ondoa VMware Tools, draiva na zana za VMware. Baada ya kuhama hazitoki kwa urahisi. Andika anwani ya IP ya kila mashine kwenye karatasi, maana kadi ya mtandao itakuwa mpya na mpangilio wa zamani utapotea. Futa picha zote za papo (snapshot) zilizokusanyika. Tangu toleo la 8.2, la Aprili 2024, Proxmox ina zana ya kuleta mashine moja kwa moja kutoka ESXi: unaweka anwani na nywila, unaona orodha, unabonyeza. Windows ikigoma kuwaka, iunganishe diski kwa SATA kwanza, iwashe, ongeza diski ndogo ya pili ya VirtIO ili draiva ijipange, zima, kisha hamisha ya kwanza. Anza na mashine isiyo na haraka, iache wiki moja, na seva ya uhasibu iende ya mwisho, Jumamosi jioni, jenereta ikiwa na mafuta.